Mwendo wa Pole wa Boti ya Bi Zainabu

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kila ninaponawa mikono na kukuta weusi wa oili bado umelala kwenye mikunjo ya vidole. Spana nimeziacha zamani, oili haijaniacha. Nitakueleza polepole, maana nimechoka, na aliyechoka hana nguvu ya kupamba maneno.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi kamili katika karakana ya Mzee Kombo, Temeke. Bi Zainabu, mjane wa ng'ambo ya Kigamboni, alituletea mashine ya boti yake. Ilikuwa mashine ya mbio hasa, ya boti ya doria ya wakati wa vita. Marehemu mumewe aliipata mnadani. Kwa boti yake Bi Zainabu alivusha watu, wakiwemo wajawazito waliokuwa wakiwahi hospitali. Sasa mashine ilikuwa inakula oili na kufuka moshi, na mkaguzi wa bandari alishasema: boti ipite majaribio, ama kibali kiondoke. Mama yule hakuwa na riziki nyingine.

Tuliifungua yote. Tukasugua silinda, tukabadilisha ringi za pistoni, tukakalisha vali upya. Ikabaki kemshafti. Kama hujawahi kuiona, ni chuma kirefu chenye nundu. Kikizunguka, kila nundu inasukuma vali ifunguke, mashine ivute hewa au iteme moshi. Kwa hiyo nundu ndizo zinazoamua mashine ipumue vipi. Mezani zilikuwepo mbili. Moja ni yake ya zamani, yenye nundu fupi, tumeisugua mpaka ikang'aa. Ya pili ilitoka kwenye boti ya mashindano ya Mzungu mmoja. Nundu zake ndefu, zinaacha vali wazi kwa muda mrefu. Mashine ya Mzungu na ya Bi Zainabu zilikuwa za aina moja, kwa hiyo kemshafti yoyote ingekaa bila kulazimishwa.

Mzee Kombo akaitwa msibani Chamazi. Aliniambia huku akivaa kanzu, "Funga ile ya zamani."

"Lakini Mzee, hii nyingine itairusha boti kama ndege!"

"Bi Zainabu anavusha wajawazito, havushi ndege. Funga ya zamani."

Akaondoka. Nikafunga ile ya nundu ndefu.

Sikuwa na nia mbaya, mwanangu. Nilitaka tu watu waseme mashine ile nimeifunga mie. Lakini kijana akianza kutamani sifa, kinachoziba kwanza ni masikio. Mzee aliporudi alikuta mashine imeshafungwa na kufunikwa, hakuniuliza. Aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sie mafundi wa mashine za boti tulikuwa na desturi: aliyeifunga mashine hupanda safari ya kwanza, na hashuki mpaka mwenye chombo amwambie "shuka." Neno hilo ndilo cheti chetu. Basi asubuhi ya majaribio nikapanda pamoja na Bi Zainabu, nahodha wake na mkaguzi. Mzee Kombo alisimama gatini. Nilipoiwasha, mashine ikanguruma kwa kurukaruka.

"Mbona inakohoa?" akauliza.

"Bado mpya, Mzee. Itazoea."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya mwisho ya kusema kweli. Nikaiacha ipite.

Tulipofungua mafuta, boti iliinua pua, maji yakapasuka pande mbili. Bi Zainabu alishika ushungi wake akacheka kama msichana. "We fundi, unataka kutupeleka Unguja kabla ya chai?" Hata mkaguzi alitabasamu. Mie kichwa kilivimba.

Wakati wa kurudi, meli kubwa ilikuwa inaingia bandarini. Ikabidi tusubiri, mashine ikizunguka polepole. Ikakohoa, ikatetemeka, ikanyamaza. Kumbe boti ya Mzungu ekzosi yake, lile bomba la kutolea moshi, ilielekea juu, kavu. Ya Bi Zainabu ilitokea nyuma, chini, ikipitisha maji ya kupoozea. Na nundu ndefu huacha vali ya kuvuta na ya kutema wazi kwa pamoja. Mashine ikienda mbio hakuna shida, ikienda pole pumzi hurudi nyuma. Ikanyonya maji ya chumvi mpaka ndani ya silinda. Mawimbi ya meli yakaanza kutusukuma kwenye miamba, mpaka boti nyingine ikatufungia kamba na kutuvuta kama maiti.

Mkaguzi alichukua kibali. Bi Zainabu akashuka, akaenda zake. Nilipoinuka nishuke, Mzee Kombo akanizuia.

"Kaa. Nani kakwambia ushuke?"

Nikakaa, jua likinichoma, yeye amesimama gatini juu yangu. Kikohozi cha mashine kilishamwambia nimefunga kemshafti ipi, lakini hakufoka. "Wewe ulimuuliza Bi Zainabu anakwenda mbio kiasi gani," alisema. "Mie nilimuuliza anangoja muda gani. Chombo kinaishi zaidi kwenye kungoja."

Tuliifungua tena, tukaosha chumvi, nikaifunga ile ya nundu fupi kwa mkono wangu. Kibali kilichelewa mno kurudi. Miezi yote hiyo Bi Zainabu alikaanga vitumbua kando ya njia ya Temeke, na kila asubuhi nilipopita na kumwamkia "Shikamoo," aliitika "Marahaba" huku macho yake yakibaki kwenye kikaango. Boti iliporudi majini, nusu ya abiria wake walishazoea chombo kingine. Nilipanda tena safari ya kwanza. Tulingoja, mashine ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Gatini Bi Zainabu alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Haya, mwanangu. Shuka."

Nililia, sikuona haya.

Basi wewe unayechagua kazi, rafiki au mwenza, usipime kwa siku ya mbio tu. Kila kitu hupendeza siku hiyo. Tazama kitakuwaje mkiwa mnangoja. Na ukishakosea, sema wakati mashine bado iko gatini. Mola akupe masikio kabla ya sifa, na kila kazi utakayoifunga, akujaalie mwenye kazi akuambie "shuka" kwa moyo mweupe.