Risasi ya Ncha Ngumu

Ndani ya kopo la vifungo la marehemu mama nimekuta ganda la risasi. Nimelisogeza puani, na nyika ya Handeni imerudi.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, mahindi bado machanga. Baba, mwindaji wa kijiji, aliweka risasi mbili mkekani, zikinukia mafuta. Ya ncha laini humwangusha pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, papo hapo. Ya ncha ngumu hupenya ikatoka, ikamwachia pumzi mpaka kisu kifike.

"Chukua hiyo laini, baba watoto," mama alisema. "Watoto wana njaa."

"Akifa kabla sijamchinja, utawapikia kibudu?"

Mama akaendelea kuchambua kisamvu. Baba akachukua ile ngumu.

Alirudi jioni na vumbi jekundu hadi magotini, kisu kikavu kwenye ala. Pofu alipigwa, akakimbilia vichakani na pumzi zake, damu ikapotelea mchangani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akanitilia ganda kiganjani, lingali na harufu ya baruti. "Nusa, mwanangu. Nyama yetu ndiyo hiyo."

Nililala nimelishika puani, na usingizini nikasikia sufuria ikitokota.

Leo halinuki kitu. Lakini mate yamenijaa mdomoni.