Mwalimu Igoki na Mazao Mengineyo

Kila Jumanne asubuhi, Mwalimu Igoki huwafundisha watoto wa Gredi ya nane kwamba uongo ni dhambi. Baada ya mapumziko ya chai huwafundisha uongo wenyewe.

Si kosa la ratiba. Shule ya Kikristo ya Chemchemi ya Ukweli, nje kidogo ya Muthara, ina masomo mengi na walimu wachache, kwa hiyo mwalimu wa Dini ndiye huyohuyo wa Kilimo, na chaki ni ileile. Saa mbili huandika ubaoni amri ya kutomshuhudia jirani uongo, na watoto huinakili kwa kalamu nyekundu. Saa tano huandika "Mazao ya biashara katika eneo letu", na chini yake: chai, kahawa, makadamia, parachichi, mengineyo. Watoto hunakili hayo pia. Karimi, binti ya mwenye shule, anayeketi mbele kabisa, hulipigia neno la mwisho mistari miwili kwa rula. Halafu wote hutazama nje ya dirisha, ambako mengineyo yamesimama safu kwa safu mpaka mteremko unapoishia, na wachumaji wamo matawini wakipiga soga.

Ni miraa, kwa yule ambaye hajafika huku. Miraa hulipa karo Tigania, huezeka nyumba, huoza mabinti na kuzika wazee. Lakini ndani ya ua wa Chemchemi ya Ukweli jina lake halitamkwi. Askofu Mutugi, mwenye shule, aliliharamisha miaka kumi na miwili iliyopita, siku alipoifungua shule, akiwa amesimama chini ya paa lililonunuliwa kwa harambee ya wakulima wa miraa. Mabati hayakuona haya, na Askofu hakutaka kuyatangulia.

Igoki alizaliwa Mikinduri, mtoto wa pekee wa Mwongera, mchumaji. Mwongera hakuwa na miti yake. Alichuma ya watu, hasa ya Mzee Muthomi, mwenye ile mibaine, miti mikongwe ya miraa ambayo mtu hathubutu kuikata. Igoki alijua kufunga kitita cha miraa kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na kwa kweli viatu vyenyewe vilichelewa kufika. Vitita hivyo vilimpeleka chuo cha ualimu kule Embu, vikamlisha, vikamvisha hadi akahitimu. Kisha akafundisha Gachoka miaka saba, katika shule ambayo mbuzi walihudhuria kuliko wanafunzi. Baba yake alipofariki, alirudi nyumbani kumtunza mama.

Kazi iliyokuwepo ilikuwa moja tu. Katika mahojiano, Askofu alimuuliza baba yake alikuwa akifanya kazi gani. Igoki alikuwa amepita langoni, akasoma kibao cha makatazo, na mama yake alikuwa nyumbani akisubiri dawa.

"Alikuwa mkulima," akasema.

"Wa nini?"

"Wa mazao... mengineyo."

Askofu alicheka kwa furaha, akalichukua neno hilo, na wiki iliyofuata lilikuwa limeingia kwenye mpango wa masomo. Kabla ya hapo somo lile lilikuwa likirukwa tu. Ndivyo Igoki alivyopata kazi, na ndivyo Mwongera alivyozikwa mara ya pili kabla udongo wa mara ya kwanza haujakauka. Tuseme ukweli, maana lango la shule limeandikwa kwa herufi kubwa "Ukweli Huweka Huru": jambo hilo lilimuuma. Lilimuuma kila Jumanne, saa tano hadi saa tano na dakika arobaini, kwa miaka minne.

Sasa, muhula wa tatu kila mwanafunzi wa Gredi ya nane hufanya mradi wa Kilimo. Lengo ni mtoto ajifunze kujitegemea, na kwa sababu hiyo mradi hufanywa na wazazi. Mwaka jana baba mmoja wa Mikinduri alitengeneza sanamu ya kutishia ndege, nzuri ajabu, yenye miwani na koti. Mwanawe alipoulizwa ameitengeneza vipi, alimwita baba yake aje ajibu. Akapewa "Kuzidisha matarajio", alama ya juu kuliko zote, na kwa haki, maana baba alikuwa ameyazidisha kweli.

Mwaka huu msichana mmoja aitwaye Kawira alifanya mradi wake mwenyewe. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Alikwenda na daftari hadi kwa babu yake, Mzee Muthomi, akamhoji siku nne mfululizo kuhusu mbaine uliopandwa na baba ya babu yake. Akapima shina kwa kamba. Akachora majani. Akaandika kurasa kumi na moja, makosa ya tahajia yakiwa ni yake yote. Igoki alilisoma daftari hilo katika chumba cha walimu akitabasamu, mpaka alipofika swali la saba.

"Swali: Guka, nani alikuwa mchumaji hodari kuliko wote? Jibu: Mwongera wa Mikinduri. Alichuma miti yangu miaka ishirini na minane na hakuvunja tawi hata moja. Alikuwa na binti mmoja, na chuo cha huyo binti kililipwa na mti huu. Sasa ni mwalimu wa Kilimo. Mwongera angefurahi, kwa sababu bila shaka huwaeleza watoto habari za mti huu vizuri sana."

Chini yake Kawira alikuwa ameongeza: "Guka hakuniambia anafundisha shule gani."

Guka alijua fika. Kila asubuhi alimwona Igoki akipita mbele ya ua wake, wakasalimiana, wakaulizana hali ya mama na hali ya mvua. Mzee hakuwahi kumlaumu hata siku moja. Alikuwa akisubiri swali la saba tu. Igoki alilisoma jibu hilo mara tatu, na mara ya tatu machozi yakamtoka, akasingizia vumbi la chaki.

Jumatano Askofu mwenyewe aliingia, daftari mkononi. Alikuwa na desturi ya kupitia kazi zote kabla ya Siku ya Maonyesho, kwa kuwa upendo wa baba hauna mipaka.

"Mwalimu, umesoma hii kitu?"

"Nimesoma, Bishop. Huyu msichana amefanya peke yake. Hakuna mwingine darasa yote amefanya hivyo."

"Hiyo ndiyo shida! Mzazi angemsaidia, angejua si kitu ya kuleta hapa. Ijumaa wageni wa makao makuu wanafika. Wakute miraa kwa meza ya shule ya Kikristo?"

"Hajaambia mtu atafune. Ni historia tu."

"Kuna stroberi pale Meru mjini, zimeshapandwa kwa gunia, zimeshazaa. Nimetuma mtu. Kawira atasema ni zake." Akaliingiza daftari kwapani. "Na hii uiwekee Mbali na matarajio." Alipofika mlangoni aligeuka, sauti ikiwa laini. "Mkataba yako inaisha mwezi wa kumi na moja, sindio? Basi tuombeane."

Katika Chemchemi ya Ukweli, watu walioombewa hivyo kwa kawaida hawakuonekana muhula uliofuata. Igoki alifungua kitabu cha alama na kuandika "Mbali na matarajio" mbele ya jina la Kawira. Aliandika kwa penseli. Huo ndio uliokuwa ushujaa wake wote siku hiyo, na alijua jinsi ulivyo mdogo.

Alipomweleza Kawira habari za stroberi, msichana hakulia. Alitoa kalamu.

"Madam, nitasema nilizipanda lini?"

"Sema mwezi wa saba."

"Na wakiuliza mbegu nilitoa wapi?"

Igoki akakifunga kitabu cha alama.

"Na ile amri ya Jumanne, Madam, inafanyanga kazi siku gani?"

Hakuuliza kwa ujeuri. Alitaka kuandika jibu, na kalamu ilikuwa juu ya karatasi ikisubiri. Igoki alimwambia arudi darasani.

Ijumaa ukumbi ulifagiliwa mara mbili. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo wasemavyo, na kombe la siku hiyo lilifunikwa kwa vitambaa vya kufuma. Mezani palikuwa na sungura, mbolea ya majani, sanamu nyingine ya kutishia ndege, na gunia la stroberi lenye jina la Kawira. Kawira alisimama kando yake akilitazama kama mgeni anavyotazamwa. Mgeni wa heshima alikuwa mama mmoja mkaguzi kutoka makao makuu ya kanisa, mzaliwa wa Nairobi, aliyepiga picha kila kitu, hata ufagio.

Wazazi nao hawakuja mikono mitupu, maana huku mtu haendi kwa mwenyeji akipunga mikono. Walipanga foleni na zawadi, na Askofu akawa anapokea na kufungua moja moja ili mkaguzi apige picha: kuku, viazi vikuu, mkungu wa ndizi, parachichi katika majani ya mgomba, maboga katika majani ya mgomba. Wa mwisho alikuwa Mzee Muthomi. Alikuwa amevaa koti, kofia ameshika mkono wa kushoto, na kwenye mkono wa kulia alibeba furushi la majani ya mgomba lililofungwa kwa ganda la mgomba, fundo moja tu mbele.

Mmeru yeyote angeliona na kurudi nyuma hatua mbili. Ile ilikuwa ncoolo, miraa ya heshima. Hupelekwa kwa mtu anapoombwa jambo zito: binti, msamaha, suluhu. Mwenye kuombwa akiirudisha na fundo lake, amekataa, na hakuna ubaya. Akilifungua fundo mbele ya watu, amekubali, na hakuna kurudi nyuma. Hata watoto wadogo wanalijua hilo. Lakini Askofu alikuwa ameshafungua maboga manne, kamera ilikuwa imemkazia, na macho yaliyokaa miaka kumi na miwili yakikataa kuona miraa hayakuweza kuamka ghafla siku ile. Alitabasamu, akavuta ganda, na majani yakafunguka.

Wazazi wote waliguna kwa pamoja.

"Waah! Na hii ni mboga gani?" mkaguzi akauliza, simu juu.

Askofu aliangalia kilichokuwa mikononi mwake. "Ni... ni mazao mengineyo."

"Mengineyo gani?"

"Mwalimu wetu wa Kilimo atawaeleza," Askofu akasema, akamgeukia Igoki kwa imani kubwa. Neno lilikuwa lake. Nani angelitetea vizuri zaidi?

Igoki alimtazama Mzee Muthomi. Mzee alikuwa akiangalia kofia yake. Akamtazama Kawira, na Kawira alikuwa ametoa kalamu tena.

"Ni miraa, mama," Igoki akasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Ikifungwa hivi inaitwa ncoolo. Huyu mzee ameileta kuomba kitu, na Bishop amefungua. Kwa desturi yetu hapa, ukifungua umekubali." Angeweza kuishia hapo, na pengine mkataba ungepona. "Baba yangu aliitwa Mwongera. Alichuma hii miraa mpaka akakufa, na ndiyo ilinisomesha. Hapa ndani nimekuwa nikimwita mengineyo. Na hiyo stroberi si ya Kawira. Ilinunuliwa Meru."

Mezani sungura alisikika akitafuna.

"Asante, mwari wa Mwongera," mzee akasema, akimwita binti ya baba yake kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akamgeukia Askofu. "Bishop, usiogope, sikuja kuomba bibi. Naomba daftari ya mjukuu wangu irudi kwa meza."

Ukumbi uliangua kicheko. Askofu alizitazama nyuso za wazazi, akazikuta zote ni za Wameru. Angeweza kubishana na maandiko, na mara nyingi alifanya hivyo, lakini ncoolo ilikuwa imeshafunguka mikononi mwake. Alikwenda ofisini kwa miguu yake mwenyewe, akalitoa daftari kwenye droo, akaliweka mezani.

Kawira alieleza nusu saa nzima na hakumwita mtu amsaidie kujibu. Mkaguzi aliandika katika kitabu cha wageni kwamba huo ndio mradi bora aliouona mwaka huu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama inaruhusiwa kuonja, jambo ambalo halikuingia kwenye ripoti.

Jumatatu barua ilikuwa juu ya dawati la Igoki. Ilimshukuru kwa utumishi wake, ikamtakia baraka, ikamjulisha kwamba mkataba wake hautaongezwa kutokana na mambo mengineyo. Ukweli ulikuwa umemweka huru, kama lango lilivyoahidi, kuanzia tarehe moja Desemba. Igoki alifikiria dawa za mama. Halafu akalisoma tena lile neno la mwisho, akacheka peke yake mpaka mwalimu wa Hisabati akamletea maji. Alipotulia alifungua kitabu cha alama, akafuta penseli, akaandika kwa kalamu ya wino: "Kuzidisha matarajio."

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Saa tano alisimama mbele ya Gredi ya nane, akaandika chai, kahawa, makadamia, parachichi. Akapumua. Akaandika: miraa. Watoto arobaini na mmoja hawakunakili. Walimtazama.

"Nani ako na huu mti kwao?" akauliza.

Mkono wa Kawira ulipanda kwanza, kisha mingine nyuma yake, kisha dirishani, mpaka ikawa arobaini. Wa Karimi, binti ya Askofu, ulibaki juu ya daftari, karibu na lile neno alilolipigia mistari miwili. Alitazama mlango. Akatazama tena ubao. Mwishowe akainua mkono, polepole, hadi kimo cha sikio.

"Kwa shosho, Madam," alisema. "Mamake Daddy. Ziko mia mbili."