Tundu la Kushoto

Kiangazi kile cha baridi, kwenye kituo cha kulelea watoto nilikokuwa nimeanza kazi hapa Dilala, kila mtoto alikuwa na makamasi na hakuna aliyejua kuyatoa. Walijua kuyavuta ndani na kuyapaka kwenye mikono ya masweta. Malori yakipita, vumbi liliingia mpaka kwenye sufuria ya uji. Direktrisi, mkuu wa kituo, mama wa makamo, aliwafuta wote kwa kitambaa kimoja. Siku ya tatu nilikitupa kwenye makaa ya jikoni.

“Sasa utabapangusa na nini?” akaniuliza.

“Batajipangusa bao benyewe, mama.”

Nilikuwa nimeshasema, ikabidi nifanye.

Tatizo lilikuwa kupuliza. Ukimwambia mtoto wa miaka mitatu “toa,” yeye anavuta. Nikakata vipande vya karatasi nyepesi, kila mtoto chake, nikavilaza mezani. Funga mdomo, bana tundu moja la pua kwa kidole, sukuma karatasi kwa pumzi ya tundu la pili. Halafu upande mwingine. Walicheka, wakatema mate, wakapuliza kwa mdomo kwa wizi. Nilirudia kila asubuhi. Wiki ya tatu karatasi zilianza kuruka, na wapulizaji wakaenda wenyewe kunawa kwa sabuni.

Isipokuwa msichana mmoja wa miaka minne. Tulimkalisha peke yake karibu na mlango kwa sababu alinuka. Mimi mwenyewe ndimi niliyemweka pale, na sioni fahari kulisema. Kwa tundu la kulia karatasi yake iliruka hadi sakafuni. Kwa la kushoto haikutikisika. Alijaribu mpaka machozi yakamtoka. Kesho yake, vilevile. Ndipo nilipoona kwamba makamasi yake, ya njano na yenye harufu, yalitoka kushoto tu. Nikamulika kwa simu. Ndani kabisa palikuwa na kitu cheusi. Nilishachomoa kibanio cha nywele zangu, kisha nikakirudisha. Ningeweza kukisukuma kile kitu ndani zaidi.

Mama yake alikuwa akikaanga bitumbula kando ya barabara. Aliponiona hakuacha kugeuza maandazi yake.

“Mulimurudisha nyumba mara mbili juu ya harufu. Mi namuosha kila siku, madamu.”

“Haiko buchafu, mama. Kuko kitu ndani ya pua. Tumupeleke leo.”

Akaepua karai. Tulipanda pikipiki moja, mtoto katikati yetu.

Kwenye zahanati muuguzi alimtazama kidogo tu. “Ni mafua, ni vumbi,” akasema, akaanza kuandika dawa. Mama akanyanyuka. Mimi sikunyanyuka.

“Tata,” nikamwambia muuguzi kwa heshima, “bana tundu ya kuume, umwambie apulize.”

“Madamu, kuko bagonjwa bengi inje.”

“Najua. Bana tu.”

Akabana. Mtoto akapuliza kama nilivyomfundisha, kwa nguvu zake zote, na hakuna pumzi iliyotoka. Muuguzi akaweka kalamu chini. Akaleta taa na kijiti chembamba cha chuma chenye ncha iliyopinda. Mama alishika kichwa, mimi nikashika miguu. Mtoto alipiga kelele mara moja, na kitu kikatoka: kipande cha sponji, cheusi, kikubwa kama punje ya haragwe. Harufu ilijaa chumba kizima.

“Ni ya matela yetu ya kulalia,” mama akasema. Alikaa chini. “Nilikuwa namusugua na sabuni mpaka analia. Nilisema ni shiye benyewe bachafu.”

Nikamwomba msamaha palepale, mbele ya muuguzi. Wakati wa kurudi alinishika mkono.

Pua ilipona kwa siku chache. Watoto wengine ndio waliochelewa. Nilimhamishia katikati ya meza. Walisogeza viti wakamwacha. Basi nikawa nakula uji wangu pembeni yake kila siku, magoti yangu yakigonga meza ile fupi. Siku ya sita msichana mwingine alikuja na kikombe chake, akasimama mbele yangu.

“Madamu, toka. Mi nataka kuikala hapa.”

Nikachukua bakuli langu, nikaenda kuwanawisha mikono waliobaki.