Kovu Ndani ya Jicho la Mama

Mama yangu alikuwa mshona kofia, nyumba yetu ikiwa mtaa wa Malindi, na hata macho yake yalipokuwa yameshaharibika sana aliweza kutunga uzi kwenye sindano bila kumwita mtu. Hilo ndilo lililotudanganya. Mtu anayeliona tundu la sindano, nani angesema anapofuka?

Alianza kwa kuangusha vitu. Kikombe kilichowekwa kushoto kwake, birika, mara mtungi mzima wa maji mlangoni. Mimi nilikuwa nimerudi kwake baada ya kuachwa na mume wangu wa kwanza, hasira zangu zi karibu, na kila kilichomwagika nilikifuta mimi. "Mama, kwani huangalii?" nilimwambia siku moja, kwa sauti ambayo hata sasa nikiikumbuka naona haya. Aliinama akaendelea kushona.

Kisha jirani akanuna. Alikuwa rika la mama, tumegawana ukuta mmoja, na tangu usichana wao wakiitana shoga. Siku nyingi zikapita hajatia mguu kwetu. Nikenda kumuuliza.

"Mama'ako siku hizi mkubwa," alisema. "Tunakutana uchochoroni, nnampa mkono, mkono wangu unabaki hewani. Yeye anatazama mbele tu, anapita. Mara tatu! Ya nne sitaki."

Nilipomweleza mama, aliiweka kofia chini.

"Mkono? Mimi sikuona mkono."

Nikamwambia atazame ukutani. Nikasimama ubavuni pake, upande wa kushoto, nikainua kiganja. "Unakiona?"

"Kipi?"

Nikakisogeza, nikakisogeza, mpaka kikafika karibu na pua yake ndipo aliposema anakiona. Akaliziba jicho la kulia. La kushoto, alisema, linaona mwanga tu, kama ule unaopita chini ya mlango uliofungwa. Alikuwa akilijua jambo hilo muda mrefu, akidhani ni uzee.

Shangazi zangu walisema ni mtoto wa jicho, atatolewa, yataisha. Nikampeleka kwa daktari mmoja wa Kigoa aliyekuwa na chumba chake karibu na Darajani. Alifunga madirisha, akaweka taa nyuma ya kichwa cha mama, akamchungulia kwa kioo kidogo chenye tundu katikati. Alichungulia kwa muda mrefu. Kisha akazibonyeza kope za mama polepole kwa ncha za vidole, kama mtu anayejaribu embe.

"Magumu," alisema. "Bibi, macho haya yaliwahi kuuma? Yakawa mekundu?"

Nilikwisha fungua kinywa kusema hapana, ndipo mama alipojibu.

"Mwaka aliokufa mume wangu. Yaliniuma kama nnachomwa msumari, la kushoto zaidi. Nikitazama taa naona duara za rangi rangi. Nilitapika."

"Mbona hukusema?" niliuliza.

"Nilikuwa edani, mwanangu. Nani angeshangaa mjane kuwa na macho mekundu?"

Na kweli, mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea maji ya kunawa. Niliyaona macho yale kila asubuhi, nikadhani ni kilio.

Daktari alieleza taratibu, akituangalia sote wawili. Ndani ya jicho mna maji, na maji yana njia yake ya kutokea. Mwaka ule wa msiba macho yalivimba kwa ndani; uvimbe ulipopoa uliacha kovu, na kovu likaiziba njia. Maji yakajaa, jicho likawa gumu, na mshipa unaopeleka nuru ubongoni ukabanwa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka.

"Nyuzi zake nyingi zimekufa," alisema. "Hizo hazirudi. Palipokuwa na uzi pamebaki kovu, na kovu halioni."

"Na zilizobaki?" mama aliuliza.

"Hizo ndizo tutakazozipigania."

Akampa dawa ya kutia matone asubuhi na jioni. Ilikuwa kali, ikimwingia alishika paji la uso, na kwa muda kila kitu kilimfifia.

Njiani nilimwomba radhi. Alisema amesamehe zamani, na kwamba nisimpitishe kwenye jua. Nikamwambia nitamweleza jirani mimi.

"Usimwambie. Ntakwenda mwenyewe."

Alikwenda baada ya alasiri, nimemshika mkono. Jirani alikuwa akichambua mchele, hakuinuka.

"Shoga," mama alisema, "nipe mkono. Lakini uuweke mbele ya uso wangu, maana pembeni sina macho."

Ungo ulitua sakafuni. "Kumbe huoni?"

"Nnakuona. Kaa hapa mbele, usikae ubavuni."

Jirani alilia sana. "Na mimi nimekununia mwezi mzima!"

"Miwili," mama alisema. "Nilikuwa nnahesabu." Hapo wakacheka wote, mmoja bado akifuta machozi.

Jicho la kushoto lilizimika kabisa kabla ya mwaka kwisha. La kulia tulilitia matone kwa miaka, na dirisha lake likazidi kuwa dogo, lakini halikufunga. Mama alishona kofia nyingine kadhaa, polepole, kichwa akikigeuza huku na huku kuitafuta sehemu aliyoiacha. Asubuhi moja aliikunja kofia iliyokuwa bado nusu, akanipa, akasema amechoka. Niliimaliza mimi. Jirani aliigeuza geuza mkononi, akaniambia pale mshono wangu ulipoanzia panajulikana, kisha akamsogelea mama, akakaa mbele yake, wakaanza kuzungumza habari za arusi ya mtaani.