Kitambaa cha Mama Mkwe Juu ya Kompyuta

Jumapili, baada ya misa.

Dada Admin, naomba ulifiche jina langu, majirani wengi wanafuata ukurasa huu.

Nina miaka 31, ni mjane, naishi Ilemela hapa Mwanza na binti yangu wa miaka mitano, nitamwita Neema. Mume wangu alikuwa akihariri video za harusi nyumbani. Kompyuta yake ilikuwa inachemka mpaka akawa anaweka kikombe cha chai juu yake kisipoe. Ananiambia, "Mama Neema, jiko lako la pili hili."

Mwaka jana fundi rafiki yake, nitamwita Sospeter, alimbadilishia kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachobeba kazi ya video. Alimwekea iliyotumika lakini yenye nguvu zaidi, akaongeza na feni mbili. Akaniambia, "Shemeji, hewa ya moto inatokea hapa juu. Pasifunikwe." Nikamjibu, "Nimesikia."

Siku ya tatu asubuhi wakaingia wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaokuja kama moshi. Mume wangu alikuwa ametoka, kompyuta kaiacha inafanya kazi. Nikaona wadudu wanavutwa kwenye feni. Nikachukua kitambaa alichonifumia mama mkwe nilipoolewa, nikaifunika juu mpaka mbele, kama tunavyofunika redio. Nikaenda kufua. Niliporudi kulikuwa na harufu ya kuungua, na imezima. Nilitoa kitambaa kwanza, ndipo nikampigia mume wangu simu.

Hakunigombeza. Alifika, akampigia Sospeter, simu ikiwa kwenye spika. "Kadi yako imekufa, bwana."

"Kaka, niliipima siku nzima. Ilete niione."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono ina povu, nikasikia yote, na habari ya kitambaa sikuitaja. Akaipakata kompyuta kwenye bodaboda kwenda mjini. Hakufika. Waligongwa na lori.

Msibani mama mkwe alisema, "Aliyemuuzia mwanangu kadi mbovu asikanyage hapa." Sospeter alisimama barabarani, kofia mkononi, mpaka mazishi yakaisha. Sasa mtaani wanamwita Fundi Jeneza. "Mpelekee yako kama umechoka kuishi," wanacheka. Wateja wamemkimbia, kibanda amefunga. Juzi mke wake alinikuta sokoni nikiwa na Neema.

"Mama Neema, wewe ulikuwepo nyumbani. Ile kadi ilikuwa mbovu kweli?"

Nikamjibu, "Mimi sijui mambo ya kompyuta."

Akampa Neema ndizi mbili kutoka kwenye kikapu chake, akaenda.

Jumamosi hii ni misa ya kutimiza mwaka. Mama mkwe anakuja kutoka Nansio. Amenipigia akasema, "Mwanangu, picha yake uiweke juu ya kile kitambaa changu." Kitambaa nimekificha chini kabisa ya sanduku. Wale wadudu bado wamenasa kwenye nyuzi. Nimeshindwa kukifua.

Mama huyu ndiye aliyenishika mkono tangu siku ile, sina mama mwingine. Nikisema ukweli naogopa atanichukia, na pengine amchukue Neema. Nikinyamaza, Sospeter ataendelea kubeba kosa langu, na aliniambia kwa mdomo wake pasifunikwe.

Niambieni ndugu zangu, hata kwa ukali. Nimwambie kabla ya misa au baada yake? Au kuna namna ya kuishi na jambo hili bila kusema?

Jumamosi saa nne asubuhi, popote mtakapokuwa, naomba mnikumbuke.