Maji ya Kufika Shingoni

Enzi zetu kule Chilangala, mtoto wa mwenye uwezo hukumjua kwa viatu. Ulimjua kwa magoti. Magoti yakiwa meusi, yanang'aa katikati ya wiki, ujue kwao kuna paa la bati na tangi la kukingia mvua. Sisi wengine magoti yetu yalikuwa na rangi ya njia. Tulioga kile tulichokiita pasipoti: uso, shingo, mikono mpaka kwenye kiwiko, miguu mpaka pale kaptura ilipoishia. Mwalimu wa zamu akikagua mstarini, anakuta watoto wasafi kama picha. Bahati nzuri hakuwahi kutuvua mashati.

Kule juu tulikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Mikorosho ilikuwepo, mihogo ilikuwepo, mizizi ya ming'oko tuliichimba porini, ikachemshwa na kuliwa na pilipili mpaka masikio yakapata moto. Maji yalikuwa bondeni. Tulishuka na Mama na dada yangu Somoe kungali na ukungu, na tulipokuwa tunapanda kurudi jua lilikuwa limeshatutangulia mlimani, linatusubiri. Ndoo kichwani, na juu ya maji tawi lenye majani ili yasiruke.

Jioni lilitolewa beseni moja. Unasimama ndani yake, unajimwagia kwa kopo, maji yanarudi beseni. Wa kwanza mimi, kwa kuwa ni mdogo. Kisha Somoe. Mama alikuwa wa mwisho, wakati huo maji yameshapata rangi ya chai ya maziwa. Akimaliza, beseni linabebwa mpaka kwenye mpapai. Mpapai wetu ulinenepa kuliko sisi.

Siku moja, msimu wa korosho, kwenye kona ya mwisho ya kilima, niliona bibo jekundu, tunda la mkorosho, limelala njiani, limeiva kiasi kwamba harufu yake ilinifikia kabla yake. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mwenye ndoo kichwani hainami. Niliinama. Ndoo nzima ikateremka kurudi bondeni bila mimi.

Somoe akatazama tope, akanitazama mimi. "Haya, lioshe sasa hilo bibo lako."

Mama hakunipiga. Alinimiminia nusu ya ndoo yake, akanitwika, tukaendelea. Jioni ile tulioga watoto tu. Yeye alijipaka mafuta ya nazi akasema, "Mimi nimeshaoga jasho." Nikarudisha tonge sahanini. Nikamwambia kwa sauti ya mtu anayeapa, "Mama, nikiwa mkubwa nitakuogesha maji ya moto. Mpaka shingoni!"

"Mpaka shingoni?" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe unataka kuniogesha au kunipika?"

Tangu hapo ikawa ndiyo salamu yetu. Nikirudi likizo kutoka chuo kikuu: "Shikamoo Mama." "Marahaba. Sufuria langu liko wapi?" Nikapata kazi, nikaoa, nikapata mtoto, nikapata mvi. Nikaandika makala nyingi kuhusu maendeleo ya watu wengine. Sufuria halikufika. Somoe huwaeleza majirani kwamba msomi wetu bado anaandaa mpango. Na Mama sasa anakaribia miaka themanini.

Mwaka huu nikaalikwa Japani kama mwandishi, kwenye kijiji kilichobanwa kati ya milima, ambako maji ya moto hujitokea ardhini yenyewe. Mvuke hupanda kutoka kwenye mitaro ya barabara kama kwenye masufuria ya mama lishe. Waandishi wa zamani wa nchi ile walikuwa wakienda pale kuoga na kuandika. Mashairi yao yamechongwa kwenye mawe kando ya njia, na nyumba ya wageni niliyofikia imetunza chumba chenye kimeza kifupi ambapo mmoja wao alikaa majira yote ya baridi akimalizia kitabu. Kila mwandishi anayelala pale huombwa aache ukurasa mmoja katika daftari kubwa. Nilikaa mbele ya daftari lile siku tatu. Nilifanikiwa kuandika jina langu. Kwa hati nzuri sana.

Siku ya tatu nikaona bora nikaoge. Kule wanaume huoga pamoja, uchi kabisa. Mimi mara ya mwisho kuvuliwa nguo mbele ya wanaume wengi ilikuwa jandoni, na nina sababu za kutopenda kukumbuka. Desturi yao ni kwamba unajisafisha kwanza pembeni, kwenye kigoda, kwa sabuni na beseni, ndipo unaingia bwawani ukiwa safi. Nilipoliona lile beseni, mwili ukajiendea wenyewe. Nikasimama ndani yake. Wazee wawili waliokuwa bwawani wakaacha mazungumzo. Nikajimwagia kwa uangalifu, maji yakarudi yote, nikajifunga taulo, nikatoka nayo uani kutafuta mpapai.

Hapakuwa na mpapai. Palikuwa na msonobari mfupi, uliopindwa kwa ufundi wa miaka mingi. Nikaumwagia maji yote, na mapovu yake.

Mama mwenye nyumba, mwanamke wa makamo ya juu, akaja mbio, na mkalimani niliyepewa na wenyeji nyuma yake.

"Anasema mti huu ulipandwa na babu yake," mkalimani akaniambia. "Anauliza, umekukosea nini?"

Nikajieleza pale pale, taulo kiunoni, miguu inatetemeka kwa baridi. Nikamweleza bonde, beseni, zamu ya kuoga, mpapai, bibo. Mama yule akafunika mdomo kwa kiganja, akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akasema zamani hata kwao nyumba nzima iliogea maji ya pipa moja: baba kwanza, watoto wakafuata, mama mwisho. Akaongeza neno dogo, mkalimani akanigeukia.

"Anauliza, sasa mama yako ameshaoga?"

Nilirudi bwawani, nikazama, maji ya moto yakanifika shingoni. Miaka hamsini na ushei tangu niahidi, na aliyekuwa ndani ya maji yale ni mimi. Nilitoka haraka. Kabla ya chakula cha jioni daftari lilikuwa limepata ukurasa wake: habari za bibo.

Niliporudi nchini nilipanda basi mpaka Masasi, nikanunua tenki la plastiki, pana, nikamwomba muuzaji anikatie nusu ya juu.

"Mzee, hili ni jipya!" akasema. "Kama unataka bovu nitakupa bure."

"La mama yangu," nikamwambia. Akalikata, akitikisa kichwa, nikalipandisha mpaka Chilangala.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Hilo dude gani?"

"Sufuria lako."

Akalizunguka mara mbili. "Na kuni za kunipikia umeleta?"

Siku hizi bomba liko uani. Tulichota, tukachemsha, tukachanganya. Somoe akaingia na Mama kwenye ua wa kuogea, nami nikakaa nje, nimeupa ua mgongo.

"Nishike, Somoe."

"Nimekushika, Mama. Keti taratibu."

Nikauliza kutoka nje, "Mama, yamefika wapi?"

"Shingoni." Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kumbe mimi ni mwepesi hivi."

Alikaa mpaka Somoe akalalamika miguu inamuuma kwa kusimama. Binti yangu Zuhura, huko Dar es Salaam, huoga nusu saa huku simu ikimwimbia, na maji yanakwenda asikokujua. Nikimkemea ananijibu, "Baba, si yapo?" Ni kweli, yapo, na magoti yake yanang'aa wiki nzima. Simwombei lile bonde hata siku moja. Ila sidhani kama anajua, nyumbani kwetu, nani huoga wa mwisho.

Mama alipotoka, amejifunga kanga mbili, ananukia sabuni, aliangalia ndani ya tenki akashtuka.

"Haya, nani anafuata? Maji bado mazima haya!"

Akaingia Somoe. Nikaingia mimi. Yalikuwa vuguvugu, yameshaanza kupata rangi, na nilipokuwa nachota ya mwisho kwa ndoo, Mama akapaza sauti kutoka barazani:

"Usiyamwage ovyo, Baba Zuhura. Mpapai uko kushoto."