Bi Faudhia Aanika Dawa ya Tumbo

Bi Faudhia wa Nyamisati hana adui duniani kama unyevu. Kazi yake ni kuchemsha kamba wadogo, kuwaanika na kuwapeleka sokoni Kibiti, na kazi hiyo imemfunza kwamba katika delta kitu kisichoona jua huota ukungu. Basi huanika kila kitu: unga, mito, viatu, hata vyeti vya shule vya watoto. Mumewe, Maneno, aliporudi siku moja kutoka mikokoni akitetemeka kwa mvua, alimkalisha juani kando ya kamba, na kila alipopita alimwambia ageuke. Maneno aligeuka, maana anamjua mkewe.

Mwaka huu binti yao Salama, aliyeolewa Kilindoni kule Mafia, alijifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa Faudhia. Arobaini ilikuwa inakaribia, siku ya kumnyoa mtoto na kumtoa nje, na kwao anayempakata mtoto wembe ukipita kichwani ni bibi mzaa mama. Kanga mpya zilishakunjwa mkobani.

Lililokwama ni tumbo. Faudhia alikuwa ameumwa jipu la jino, zahanati wakampa antibayotiki, akazimeza zote kama alivyoagizwa. Jino likatulia, tumbo likachafuka. Likawa linamwendesha bila kupiga hodi. Na boti ya mbao ya kwenda Mafia aliyozoea kupanda haina choo. Ukishauacha mdomo wa mto, umebaki wewe, maji na Mola wako.

Wa kwanza kuleta msaada alikuwa shemeji yake, Gharibu, ambaye siku hizi anatembeza virutubisho kutoka Dar. Akaweka mezani kopo kubwa kama la rangi.

"Hii, shemeji, kiboko! Inatibu sukari, presha, mgongo, inarudisha na nguvu za ndoa."

"Na tumbo?"

"Tumbo ndiyo dogo kabisa!"

Faudhia ameishi sokoni, na uongo wa sokoni anaujua kwa harufu. "Gharibu, nikikwambia kamba wangu ni watamu, utanunua. Nikisema wanaondoa na mikosi, utanunua?" Gharibu akabeba kopo lake akaenda.

Faudhia akafunga safari mpaka Kibiti, kwenye duka la dawa la kijana Zaidi, mtoto wa shoga yake. Zaidi alimuuliza kwanza kama ana homa, kama anaona damu, kama anasikia kizunguzungu. Hakuwa na hata kimoja. Akampa pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji anywe kurudisha maji aliyopoteza, akamwambia tumbo lisipotulia arudi zahanati, asikae nalo.

"Tumboni, mama, mna bakteria wanaotusaidia," alisema. "Antibayotiki haichagui. Imefukuza wabaya, na wazuri wamepigwa humohumo. Hizi kapsuli zinaitwa probayotiki. Zina bakteria wazuri, wazima. Wengine zinawasaidia, wengine haziwafanyi kitu. Sikudanganyi."

"Nimeze wadudu wazima?"

"Wakifa hawana kazi."

Akamfundisha kusoma kopo. Liwe na jina kamili la bakteria, siyo neno "asilia" na picha ya jani. Liseme wamebaki wangapi hai mpaka siku ya kuisha muda, siyo siku walipotiwa tu. Lieleze linavyotunzwa. Na ukiambiwa inatibu kila kitu, shika njia yako. Walichagua dogo lisilohitaji friji, na Faudhia akarudi nyumbani amejaa elimu.

Elimu ile haikufika mbali. Hewa ya mikoko ilikuwa nzito, na Faudhia aliona vidonge vizuri vile vitaota ukungu ndani ya kopo. Akavimwaga jamvini, jua kali, pembeni ya kamba. Adhuhuri akavigeuza. Jioni vimelainika na kugandana, akavibandua kwa kisu, akaanza kuvimeza kila asubuhi na uji wa moto.

Tumbo halikujua kama limepewa kitu. Arobaini ikazidi kusogea. Asubuhi moja Faudhia alikaa kitandani akiutazama ule mkoba, akalia kama mtoto. "Mpigie Salama," alimwambia Maneno. "Mwambie mama yake ameshindwa." Maneno akampa simu. "Mpigie kwanza aliyekuuzia."

Ushauri huo ulimpendeza, kwa sababu alitaka mtu wa kugombana naye.

"Zaidi! Umeniuzia dawa mfu!"

"Uliiweka wapi, mama?"

"Mahali pazuri kabisa. Juani."

Zaidi akacheka mpaka akakohoa. "Bi Faudhia! Si nilisema wazima? Umewafanya kamba! Na ulimezea nini?"

"Uji. Wa moto," alijibu, na hapo akaangua kicheko, machozi hayajamkauka.

Zaidi alimtumia kopo jingine na masharti: kivulini, mfuniko umefungwa, maji ya kawaida. Faudhia alilitia kabatini, na kila alipopita mkono ulimwasha kulitoa lipunge hewa. Akajizuia. Pole pole tumbo likakaa. Kama ni wale bakteria, au ni ile chumvi, au ni siku zenyewe kupita, Zaidi hakuapa, na Faudhia hakutaka kujua.

Safarini alikaa katikati ya boti, midomo inasoma dua, na tumbo likanyamaza mpaka Kilindoni. Kesho yake wakampa mjukuu mapajani. Wembe ukapita taratibu, mtoto hakulia. Akamtazama tu bibi yake, akakunja uso, akajikamua, na kanga mpya ikalowa manjano mbele ya ukoo mzima.

Hadija, mama mkwe wa Salama, akaruka kumchukua, aibu imemjaa. Faudhia akamkumbatia mtoto kwa nguvu.

"Mwacheni amalize," alisema. "Zamu yangu imekwisha."